Andika riba kabla mzigo haujapanda basi

Wauzaji wenzangu, wiki hii nimeulizwa tena swali lile lile: duka nililolikopesha mzigo limefungwa, wanasema limefilisika, je, naweza kudai na riba ya miezi yote niliyosubiri? Unaweza. Ila utapata kudai kiasi gani inategemea ulichoandika siku unatuma mzigo, na hapo ndipo wengi wetu tunakuwa hatuna kitu cha kuonyesha zaidi ya "boss vipi ile hela" kwenye WhatsApp.

Hali ya huku Moro mnaijua. Mkulima wa Kinole au Matombo akishusha pilipili manga, mdalasini au karafuu kutoka mlimani anataka hela yake mkononi, na ni haki yake. Sisi tunalipa keshi, tunapima, tunafungasha, tunapeleka Msamvu. Mteja wa rejareja anatuma hela kwa simu kwanza ndipo mzigo unatoka, huyo hana shida. Shida ni duka la Dar au mgahawa wa Dodoma unaochukua mzigo mkubwa na kusema "nakulipa mwisho wa mwezi." Mwezi unakuwa mitatu. Muda wote huo hela yako inazungusha biashara ya mtu mwingine, na msimu ukifika huna mtaji wa kupanda nao mlimani.

Sasa tuje kwenye kufilisika. Kampuni ikifilisiwa Tanzania inafuata Sheria ya Makampuni ya 2002. Mtu binafsi anafuata Sheria ya Ufilisi, Sura ya 25. Kwa hiyo kwanza jua unamdai nani. Angalia BRELA kama ni kampuni au ni jina la biashara tu. Kama ni jina la biashara, duka kufungwa hakufuti deni, mwenye duka anadaiwa yeye mwenyewe. Wengi wanasema "limefilisika" wakati mtu amefunga mlango tu na kuhama mtaa. Huyo hajafilisika kisheria, huyo anakukimbia. Mpeleke Mahakama ya Mwanzo.

Kama kweli mahakama imetoa amri ya kufilisi kampuni, mchezo unabadilika. Huwezi tena kufungua kesi yako ya peke yako bila ruhusa ya mahakama. Unapeleka uthibitisho wa deni kwa mfilisi: unadai kiasi gani, kwa mzigo gani, tangu lini, na vielelezo. Ndiyo maana RITA, ambayo tunaijua kwa vyeti vya kuzaliwa, jina lake kamili ni Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Ufilisi upo humo.

Kwenye riba sasa. Misingi ya ufilisi tuliyorithi kwa Waingereza inasema hivi. Kama mlikubaliana riba kwa maandishi, unaidai mpaka siku ya amri ya kufilisi. Kama hamkukubaliana, bado unaweza kudai kiasi ambacho sheria inaruhusu, ila inahesabiwa tangu tarehe ya kulipa iliyo kwenye hati. Kama hakuna tarehe, inahesabiwa tangu siku uliyomdai kwa maandishi na kumwambia wazi kwamba utatoza riba. Umeona tatizo? Ankara isiyo na tarehe ya kulipa, na mdai ambaye hajawahi kuandika neno riba, hapo hesabu inaanzia wapi? Na riba ya baada ya amri ya kufilisi usiitegemee kabisa, hiyo hulipwa tu kama madeni yote yameisha na hela imebaki. Kampuni iliyofilisika yenye hela ya kubaki mimi sijaiona.

Nipige hesabu. Mzigo wa shilingi 1,200,000, tarehe ya kulipa 31 Machi, riba asilimia 1 kwa mwezi. Amri ya kufilisi inatoka 31 Oktoba. Miezi 7 mara 12,000 ni 84,000. Unadai 1,284,000. Tuseme mfilisi analipa wadai wa kawaida senti 20 kwa kila shilingi. Bila riba unapata 240,000, ukiwa na riba unapata 256,800. Tofauti ni 16,800, nauli ya SGR kutoka Moro kwenda Dar na chenji inabaki. Sio utajiri, na sitaki mtu atoke hapa anadhani nimemwambia riba itamrudishia duka.

Maana kwenye foleni ya mfilisi sisi tuko nyuma. Kuna gharama za ufilisi, mwenye dhamana kama benki, mishahara na kodi, ndipo wadai wasio na dhamana. Kumbuka Nakumatt, ile supamaketi ya Kenya iliyokuwa na matawi mpaka Dar, Arusha na Moshi. Iliwekwa chini ya msimamizi Januari 2018, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ifilisiwe. Madeni yalikuwa zaidi ya shilingi bilioni 30 za Kenya. Matawi sita ya mwisho yaliuzwa kwa Naivas kwa milioni 422. Fikiria mtu aliyepeleka maharage pale anasubiri fungu lake.

Kwa hiyo faida kubwa ya kuandika riba, kwa maoni yangu, iko kabla duka halijafa. Duka likianza kuyumba, mwenye duka analipa kwanza yule ambaye kuchelewa kwake kunaongeza deni. Anayedai kwa upole bila tarehe anawekwa mwisho. Nimeliona hili kwa wateja wangu wawili, na wote walilipa ankara yenye riba kabla ya zile za wenzangu.

Kuna watakaosema mteja atakimbia. Duka linalokataa kusaini asilimia 1 baada ya siku 30 limekwambia mapema kwamba halina mpango wa kulipa ndani ya siku 30. Mwache aende Soko la Chifu Kingalu akanunue kwa keshi.

Ila usiandike riba ya kausha damu. Asilimia 10 kwa wiki mahakama itaiona ni adhabu, na kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba kinairuhusu kukupa fidia inayostahili tu. Mimi naandika asilimia 1 kwa mwezi, sawa na 12 kwa mwaka. Sababu ni kwamba hata ukishinda kesi ya madai, riba ya hukumu ni asilimia 7 kwa mwaka, na haizidi 12 hata mkikubaliana kwa maandishi.

Maneno yangu kwenye ankara ni haya: "Malipo yafanyike kabla ya tarehe fulani. Baada ya hapo deni litatozwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi mpaka litakapolipwa." Mteja anasaini au anajibu "nimekubali" kwenye meseji. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inatambua ushahidi wa kielektroniki, kwa hiyo hizo meseji zihifadhi, usiweke zile za kujifuta zenyewe. Deni la mkataba lina miaka 6 ya kudaiwa mahakamani, simu yako haitafika huko.

Wenzetu ambao imani yao hairuhusu riba, nawaheshimu. Nyinyi wekeni tarehe tu, na siku ikipita andikeni dai lenye kiasi na tarehe. Deni lenyewe mtalithibitisha kwa mfilisi bila shida.