Kabla Uulize Ceska au Glock

Beshte yangu alipigwa ngeta Ngara wiki mbili zilizopita. Simu ilienda, na meno mawili pia. Sasa kila tukipatana ni swali moja: "Bro, kati ya Ceska na Glock, gani haiwezi kuniangusha?"

Swali halali. Bastola ya kuaminika hufyatuka ukitaka, na hukaa kimya usipotaka. Glock nyingi hazina kitufe cha usalama pembeni. Kidole kikiteleza, imeenda. Ceska kadhaa huwa nacho, lakini ukiwa na woga utakumbuka kukifungua? Rivolva haikwami ovyo, ila nyingi hubeba risasi sita tu.

Nami nikamuuliza: mkono wa mtu ukiwa shingoni, kutoka nyuma, ungeichomoa saa ngapi? Waliobeba simu wangebeba na bastola.

Halafu eti kuna jamaa mtaani amemwahidi moja ya bei poa. Hapo nakataa kabisa. Bastola huacha alama zake kwenye ganda la risasi. Ukiinunua kichochoroni, umenunua pia kesi za aliyeitumia kabla yako.

Anayeitaka kweli aende Bodi ya Leseni za Bunduki, achunguzwe, kisha afunzwe kulenga. Kama hana subira ya hiyo safari, hana subira ya kutembea na mchuma.

Nimemwambia tuanze na kutopita pale usiku peke yake. Amenuna. Sawa tu. Anune akiwa hai.