Dereva mpya asianzie kwenye dabi

Simba au Yanga ikishinda, mji wa Mpanda haulali. Honi, vuvuzela, bodaboda zinapiga misele zikiwa na mishikaki. Shida ni kwamba baadhi ya wanaoongoza msafara wamejua kuendesha wiki iliyopita tu.

Hakuna kocha anayemtoa kinda mazoezini na kumwanzisha kwenye dabi. Anakaa benchi kwanza, anapewa dakika 10, kisha 20. Kujiamini kwenye pikipiki nako kunakuja hivyohivyo: breki na kona uwanjani asubuhi, halafu mitaa ya vumbi, lami ya kwenda Tabora baadaye kabisa. Leseni mfukoni, kofia ngumu kichwani, abiria mmoja.

Timu ikifungwa leo, ipo mechi ya marudiano. Barabarani hakuna marudiano.