Mgeni wa mizizini na gharama ya mbolea

Kila msimu wa mvua ndefu unapokaribia, mjadala wa mbolea huibuka upya nchini. Mwaka 2022 bei ilipopanda kupita kiasi, serikali ilitoa ruzuku. Mwaka 2024 wakulima walilalamika kwamba baadhi ya magunia waliyouziwa yalikuwa ya mbolea bandia. Katika kelele zote hizo, ni wachache waliokumbuka kiwanda kidogo kilichomo mizizini mwa maharagwe, soya na kunde: bakteria waitwao raizobia.

Hewa tuivutayo ina takriban asilimia 78 ya nitrojeni, lakini mmea hauwezi kuitumia ikiwa katika hali hiyo. Raizobia huigeuza ikawa chakula cha mmea. Swali ambalo mwanafunzi wa bayolojia yampasa kujiuliza ni hili: ikiwa bakteria huyu anazo jeni za kazi hiyo, mbona kwa kawaida hazitumii akiwa peke yake udongoni?

Jibu ni kwamba kuwa na jeni ni jambo moja, na jeni kuamka ni jambo jingine. Mzizi hutoa udongoni kemikali ziitwazo flavonoidi. Ndani ya bakteria mna protini, NodD, ambayo huzitambua kemikali hizo na kuziamsha jeni za kubisha hodi. Bakteria naye hutoa ishara yake, kinyweleo cha mzizi hujikunja kumpokea, na kinundu huanza kuumbika. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

Hata akishakaribishwa, mgeni haanzi kazi papo hapo. Kimeng'enya kinachogeuza nitrojeni huharibiwa na oksijeni. Kwa hiyo raizobia wa alfalfa, ambao wamechunguzwa sana, huipima oksijeni kwa protini iitwayo FixL. Oksijeni ikipungua, FixL huipasha habari protini FixJ, na jeni zinazohusika hufunguliwa. Kazi yenyewe ni ghali: kugeuza molekuli moja ya nitrojeni huhitaji molekuli zisizopungua 16 za ATP, na nishati hiyo hutokana na sukari ya mmea. Ndiyo sababu mmea uliokuta nitrojeni tele udongoni hupunguza vinundu vyake. Hauoni haja ya kumlisha mgeni.

Hapa ndipo sayansi inapokutana na sera. Mkulima anayemwaga mbolea nyingi ya nitrojeni katika shamba la maharagwe hupata hasara mara mbili: hununua gunia, kisha huwanyamazisha vibarua wasiodai mshahara.

Sisemi mahindi yaachwe bila mbolea. Wala chanjo ya bakteria si dawa ya kila shamba. Udongo wenye asidi nyingi wahitaji chokaa, na vinundu vyahitaji fosforasi. Bakteria wenyeji waweza kuwashinda wale wa pakiti, na pakiti iliyoanikwa juani dukani humuuzia mkulima wafu. Hata hivyo, chanjo iitwayo Biofix ilitokana na utafiti wa Chuo Kikuu chetu cha Nairobi. Ikiwa fedha za umma zaweza kugharimia magunia, yafaa pia zigharimie upimaji wa udongo, chokaa, na chanjo iliyohifadhiwa vyema.

Walimu nao wana wajibu wao. Ni aibu mwanafunzi kuchora kinundu katika karatasi ya mtihani ilhali hajawahi kukipasua kwa mkono wake. Maharagwe ya shamba la shule yanapochanua, na ang'olewe mche mmoja kwa uangalifu, kinundu kikatwe. Kikiwa chekundu ndani, bakteria wako kazini. Kikiwa cheupe au cha kijani, hawafanyi kazi ipasavyo, na darasa lina swali la kutafutia jibu: ni kitu gani katika udongo huu kimewanyima ishara ya kuamka? Mwanafunzi atakayelijibu swali hilo atakuwa na la kumwambia mzazi wake kabla hajakwenda kununua gunia jingine.