Mawese yasiunguzwe, na vidonge vya vitamini visichukue nafasi ya dawa

Toka Uvira mpaka Bunia, jikoni nyingi zinaanza kwa namna moja: mawese yanamiminwa ndani ya sufuria, moto unaongezwa, moshi unajaa nyumba, na mafuta yanaachwa mpaka wekundu unaisha. Wapishi wanasema yameiva. Kumbe kilichotoka na ule moshi ndicho kilikuwa na faida. Wekundu wa mawese ni karotini, ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A, na kilo moja ya mawese yasiyosafishwa kiwandani huwa nayo miligramu 500 hadi 700 hivi. Moto mkali unaiua. Kinachobaki kinanenepesha kama kawaida, lakini vitamini hakuna.

Vitamini A, D, E na K haziingii mwilini vizuri bila mafuta. Kwa hiyo mama anayepika sombe na lengalenga kwa mawese kidogo, moto wa kadiri, anafanya jambo ambalo munganga angemshauri. Vilevile sambaza wanaoliwa wazima, na kichwa na maini, wanatoa vitamini A nyingi. Na wanaosema mawese yana kolesteroli wanakosea: hakuna mafuta ya mmea yenye kolesteroli ya kuhesabika. Ila karibu nusu ya mawese ni mafuta mazito yanayoweza kupandisha kolesteroli ya mwenye kuyala. Mboga ikiogelea ndani ya mafuta, huo si ushauri wa munganga tena.

Hatari kubwa iko kwingine. Sokoni na hata ndani ya basi, vidonge vya vitamini vinauzwa kwa watu wazima kama dawa ya sukari na tansiyo. Kuna wanaoacha dawa zao wakivitegemea. Huko Marekani, watu 2.423 waliokuwa karibu kupata ugonjwa wa sukari walifuatiliwa. Nusu walipewa vitamini D kila siku, nusu vidonge vitupu. Matokeo ya 2019 hayakuonyesha tofauti ya maana. Finland, 1994, ilikuwa mbaya zaidi: wavutaji wa sigara waliopewa vidonge vya karotini walipata kansa ya mapafu kuliko wenzao.

Tena vitamini hizi hazitoki kwa mkojo kwa urahisi kama vitamini C. Zikizidi, A inajikusanya ndani ya maini na kuyaumiza. D inapandisha kalisi ndani ya damu na kusumbua figo. Kapsuli kali ya vitamini A inayogawiwa watoto wa miezi 6 hadi 59 inaweza kumlemaza mtoto aliye tumboni, kama mama mwenye mimba akiimeza. Kapsuli hiyo haina kazi sokoni.

Wakaguzi wa farmasi wanajua wauzaji hawa wanasimama wapi, maana wanapaza sauti kwa megafoni mchana kweupe. Wakuu wa zoni za afya wana uwezo wa kuuliza kapsuli za watoto zinatokaje ndani ya depo. Na mgonjwa wa sukari anayekimbilia kidonge cha barabarani, mara nyingi ni kwa sababu kituo cha afya cha karibu hakina hata kipimo cha kidole. Vipimo hivyo vinapaswa kufika pale kabla ya hotuba nyingine juu ya lishe.