Onyo Lisilo na Machozi

Adhuhuri moja, katika bustani ya Jeevanjee jijini Nairobi, nilimsikiliza mhubiri akiwaahidi wapita njia moto wa jehanamu. "Mtaangamia!" alinguruma. Mimi ni mwanaisimu, na sikio langu likanasa kiambishi cha nafsi: m-, wala si tu-. Mwenzetu alikwisha kujitoa hatarini.

Sisemi onyo liachwe. Anayebembeleza watu ilhali nyumba yao inaungua hawapendi. Nao wa aina hiyo tunao tele, hasa saa ya sadaka inapowadia. Lakini na tuutazame mpangilio wa Luka, sura ya 19. Yesu anaulilia mji wa Yerusalemu kwanza, ndipo anapoingia hekaluni kuwafukuza wachuuzi. Nabii Nathani naye alimkabili Daudi kwa nafsi ya pili kavu, pasi na kumung'unya maneno. Hata hivyo, alimwendea ana kwa ana, akatanguliza kisa cha maskini na mwanakondoo wake, mfalme akajihukumu kwa kinywa chake mwenyewe.

Wale wa bustanini walimaliza maandazi yao, wakarudi kazini. Mhubiri hakumwuliza hata mmoja jina lake.