Homa ya Dengue Ukanda wa Pwani: Tuitazame Siku Homa Inaposhuka

Mvua za masika zinapoanza kunyesha katika ukanda wa Pwani ya Afrika Mashariki, vituo vya afya hupokea wagonjwa wengi wenye homa kali, na kwa mazoea ya miaka mingi neno la kwanza linalotamkwa ni malaria. Mazoea hayo yana msingi, kwa maana malaria ingali inaua, hasa watoto wadogo na mama wajawazito. Hata hivyo, si kila homa ya masika ni malaria, na gharama ya kuchanganya homa hizi mbili hulipwa na mgonjwa.

Kunako mwaka 2013, wakati wa mlipuko wa dengue mjini Mombasa, watafiti walipita nyumba kwa nyumba na kuwapima watu wapatao 1,500. Takriban watu 13 katika kila 100 walikutwa na dalili za maambukizi ya wakati huo au ya karibuni. Kati ya hao walioambukizwa, chini ya nusu walisema waliugua mwezi uliotangulia. Wengine waliendelea na shughuli zao bila kujua kitu. Jambo la kutafakarisha zaidi ni kwamba wengi wa waliopata homa walikwenda hospitali kama inavyotakiwa, wakarudi nyumbani wakiwa wameambiwa kwamba wana malaria.

Inashangaza kidogo, kwa sababu wazee wa Pwani waliijua homa ya namna hii kabla ya maabara zetu. Katika karne ya 19, Zanzibar ilikumbwa na milipuko ya maradhi ya homa na maumivu makali ya viungo yaliyoitwa kidingapopo, na daktari Mwingereza James Christie, aliyefanya kazi kisiwani humo, aliandika habari zake mwaka 1872. Wapo wataalamu wanaoamini kwamba jina dengue lenyewe limechipuka kutoka neno hilo la Kiswahili. Wengine huona kwamba kidingapopo ya wakati ule huenda ilikuwa chikungunya, ugonjwa unaofanana nayo sana, ambao jina lake limetoka katika lugha ya Wamakonde baada ya mlipuko wa Newala wa miaka ya 1952 na 1953. Vyovyote iwavyo, si wageni kwetu.

Dengue husababishwa na virusi vya aina nne. Anayepona aina moja hupata kinga ya kudumu dhidi ya aina hiyo, lakini akiambukizwa baadaye aina nyingine, hatari ya kuugua vibaya huongezeka. Hapa ndipo historia ya jiji la Dar es Salaam inapopaswa kutufikirisha. Mwaka 2010 iligunduliwa aina ya tatu. Katika mlipuko wa mwaka 2014, uliokuwa na wagonjwa zaidi ya 1,000, ilitawala aina ya pili. Na mwaka 2019, wagonjwa waliothibitishwa nchini walipozidi 6,000, walio wengi wakiwa wa Dar es Salaam, ilitawala aina ya kwanza. Kwa lugha nyepesi, katika jiji hilo wamo watu wengi wanaoweza kuambukizwa kwa mara ya pili, na wengi wao hawajui kwamba waliwahi kuambukizwa.

Dalili za mwanzo ni homa ya ghafla, maumivu makali ya kichwa, maumivu nyuma ya macho, misuli na viungo kuuma, kichefuchefu na, kwa baadhi, vipele. Wengi hupona ndani ya wiki moja. Wachache huingia hatarini, tena kwa njia ya kudanganya: hatari huja kati ya siku ya tatu na ya saba, wakati homa inaposhuka. Majimaji ya damu huanza kuvuja kutoka katika mishipa midogo, na mgonjwa aliyeonekana kupata nafuu huzidiwa kwa saa chache.

Hili sikulisoma kitabuni tu. Mwaka 2019 nilipigiwa simu na familia moja ya parokia nilikohudumu: mama yao, aliyekuwa na homa kwa siku nne, ameamka bila joto, amekunywa uji. Tulimshukuru Mungu pamoja kwenye simu, nami nikawashauri wamwache apumzike. Usiku uleule niliitwa kumpa Mpako wa Wagonjwa. Tumbo lilimuuma vibaya, alitapika mfululizo na fizi zilitoka damu. Kipimo cha malaria kilikuwa kimeonyesha hana, na katika duka la dawa alikuwa ameuziwa diklofenaki ya kutuliza maumivu. Alilazwa kwa dripu, akapona. Ushauri wangu wa asubuhi ile bado unanisumbua.

Hakuna dawa ya kuua kirusi hiki. Mgonjwa husaidiwa kwa maji ya kutosha, mapumziko na parasetamo kwa kipimo sahihi. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki ziepukwe, kwani huongeza uwezekano wa kutokwa damu. Kipimo cha malaria kikionyesha hakuna vimelea na homa ipo, familia iulize juu ya dengue. Na tumbo likiuma sana, kutapika kukizidi, damu ikitoka puani au kwenye fizi, au mgonjwa akilegea kupita kiasi, apelekwe hospitali hata kama hana joto. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anamwelekeza mgonjwa kusali na kumpa tabibu nafasi yake, havipingani.

Chandarua, kinachotulinda vema usiku, hapa hakitoshi. Mbu wa dengue ni mweusi mwenye madoa meupe, huuma mchana, zaidi asubuhi na jioni kabla ya giza, naye huzaliana katika maji yaliyotulia nyumbani mwetu: simtanki lisilo na mfuniko, ndoo, matairi chakavu, vifuu vya nazi. Mayai yake hustahimili ukavu kwa miezi, kwa hiyo kumwaga maji bila kusugua chombo ni kazi nusu. Usafi huo ufanyike kila wiki, na jumuiya ndogondogo, zinazokutana kila wiki nyumba kwa nyumba, zingeweza kuusimamia kuliko tangazo lolote la Dominika.

Nasi tuanzie kwetu. Baada ya mvua za karibuni nilipita katika makaburi yanayotunzwa na parokia yetu, nikachungulia vyombo vya maua tulivyowawekea marehemu wetu kwa upendo. Kimoja baada ya kingine vilikuwa na viluwiluwi. Tumekubaliana na halmashauri ya walei kwamba kuanzia sasa vyombo hivyo vitajazwa mchanga wenye unyevu badala ya maji, na maua yatachomekwa humo.