Maji Yako Yanakaa Kama Uji Kwa Sababu Hayana Povu

Wasee wa animesheni, tuambiane ukweli. Kila wiki naona klipu ya mtu ametengeneza wimbi kwa Blender, na kila mara maji yanakaa kama uji uliopoa. Ukimuuliza, jibu ni lile lile: "Leptopu yangu haiwezi." Mimi nasema shida iko kwa povu.

Maji yakigonga mwamba, ama wimbi likijikunja, yanameza hewa. Msukosuko unaivunja ile hewa iwe viputo vidogo, na viputo vinatawanya mwanga kila upande. Ule weupe wote unaouona ni hewa. Ukiutoa, jicho linakataa hata kama mtazamaji hawezi kusema kwa nini. Huyo ameangalia maji tangu akiogeshwa kwa beseni.

Sasa, kompyuta huigawa ile bahari yako kwa vyumba vidogo. Kama chumba kina upana wa sentimita 5, kiputo cha milimita 2 hakionekani kabisa. Ukipunguza upana kwa nusu, vyumba vinakuwa mara 8, na hatua za muda pia kawaida zinakuwa mara 2. Kazi imekuwa mara 16 na bado kiputo hujakiona! Hiyo mbio huwezi kuishinda kwa kununua mashine.

Ndiyo maana watu wanadanganya kwa akili. Mwaka wa 2012, Markus Ihmsen na wenzake walichapisha njia moja safi: programu inatafuta mahali maji yananasa hewa, mahali ncha ya wimbi inajikunja, na kama mwendo una nguvu ya kutosha. Hapo ndipo inamwaga chembe. Zilizo hewani zinaanguka kama matone. Zilizo juu ya maji ni povu, zinabebwa na mkondo mpaka zipotee. Zilizo chini ni viputo, zinapanda. Blender, ambayo ni ya bure, ina aina zote tatu tangu toleo la 2.82 la mwaka wa 2020. Wengi wetu hatujawahi hata kuziwasha.

Utaniambia, "Lakini video inatazamwa kwa simu, nani ataona povu?" Kwa skrini ndogo ndiyo povu linahitajika zaidi. Bila hilo, wimbi la mita 10 na maji ya sinki yanafanana.

Kwa hivyo kabla uchangishe doo ya kadi mpya ya grafiki, toa simu. Ukiwa Mombasa, nenda Mama Ngina. Ukiwa Thika, nenda Fourteen Falls, usimame mbali na ukingo. Rekodi kwa mwendo wa polepole. Huna nauli? Mwaga maji kwa sufuria kutoka juu. Angalia povu linazaliwa wapi na linakaa sekunde ngapi. Maji ya chumvi hutoa viputo vidogo zaidi, na vinachelewa kuungana, so bahari yako isikae kama mto.

Tuna Turkana, tuna Victoria, tuna Pwani nzima, na bado animeta anapiga hesabu ya leptopu, anahamisha stori yake nchi kavu. Hizo stori za maji ni zetu. Tukizingojea mashine ya Hollywood, mtu mwingine atazitengeneza, halafu tutalalamika ati ameziharibu. Anza na sufuria leo.